Kantri sebuleni, hata siku isiyo ya sherehe

Katika nyumba nyingi za Kenya, Jim Reeves hufika kila Desemba pamoja na unga wa chapati. Albamu yake ya nyimbo za Krismasi ilitoka mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, na yeye mwenyewe akafa katika ajali ya ndege Julai 1964. Zaidi ya miaka sitini baadaye sauti yake bado inajaza jikoni, mama akisukuma chapati, shangazi akikatakata vitunguu, watoto wakipita na kudokoa nyama. Hakuna anayetangaza kwamba sasa unapigwa muziki wa kantri. Unapigwa tu, watu wanaufuatisha midomo ikiwa imefumba, na kazi inasonga.

Januari ikiingia, spika inarudishwa kabatini na kila mtu anarudi kwenye simu yake. Watu wanadhani furaha ile ililetwa na sikukuu. Kwa sehemu ni kweli, lakini sehemu nyingine ililetwa na jambo dogo zaidi: watu wa rika mbalimbali walikuwa chumba kimoja, wakisikia kitu kimoja, mikono na miguu ikifuata mdundo mmoja. Hilo linawezekana hata Jumanne ya mwezi wa tatu, sukuma wiki ikiwa mekoni na mshahara ukiwa bado mbali.

Rumba, benga, taarab na Bongo Fleva zote zinaweza kuifanya kazi hiyo, na familia yenye muziki wake isiuache. Ila kantri ina faida ambayo si rahisi kuipata kwingine. Mdundo wake ni wa wazi na hauharakishi mtu. Maneno yanasikika. Tena wazee wanaufahamu tayari. Walioishi na redio katika miaka ambayo redio ya taifa, KBC, ilikuwa karibu kila kitu wanakumbuka kipindi cha jioni cha Sundowner, kilichowaletea Jim Reeves, Skeeter Davis, Kenny Rogers, Dolly Parton na Don Williams. Leo Elvis Otieno, anayejulikana zaidi kama Sir Elvis, na Esther Konkara wanazijaza kumbi za Nairobi na watu waliovaa kofia pana. Kijana anayeona muziki wa nyanya yake umepitwa na wakati hushangaa kukuta wenye umri wake wakilipa kiingilio kuusikiliza.

Lakini muziki huu ukumbini umefika tu, ulizaliwa nyumbani. Mwishoni mwa Julai 1927, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alitega mitambo ya kurekodi katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, akaita yeyote mwenye wimbo. Miongoni mwa waliofika walikuwa watu watatu wa familia moja ya mashambani: A.P. Carter, mkewe Sara, na shemeji yao Maybelle, aliyekuwa na miaka 18 na mimba. Sara alikuja na mtoto mchanga. Walichorekodi ni nyimbo walizoimba kibarazani, kanisani na katika kazi, na kupitia santuri hizo Familia ya Carter ikawa msingi wa muziki mzima. Siku zile zile, katika chumba kile kile, alirekodi pia Jimmie Rodgers, aliyekuwa mfanyakazi wa reli kabla kifua kikuu hakijamtoa kazini.

Isidhaniwe lakini kwamba nyimbo hutibu kila kitu. A.P. na Sara waliachana katika miaka ya 1930, wakaendelea kuimba pamoja kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Mume na mke walionuniana wayamalize kwanza kwa mdomo. Muziki ukitumika kuyafunika, hata mtoto wa darasa la pili atajua kwamba wazazi wanaigiza.

Watoto wakubwa hupenda kuuliza, "Huu si muziki wa wazungu?" Mzazi ana jibu, na ni jibu tamu. Chimbuko la banjo ni ala za Afrika Magharibi, kama akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia. Waafrika waliotiwa utumwani ndio waliovuka na ujuzi wa kuiunda. Katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, kilichoanza Nashville mwaka 1925 na kinachoendelea hadi leo, mmoja wa nyota wa kwanza alikuwa DeFord Bailey, mtu mweusi aliyepuliza kinanda cha mdomo. Aliugua polio akiwa na miaka mitatu, na kulala kitandani muda mrefu kukampa nafasi ya kukizoea kinanda hicho. Charley Pride, mtoto wa mkulima mweusi wa Mississippi, aliingizwa katika Jumba la Heshima la kantri mwaka 2000. Na kwa kijana asiyejali historia, atajwe Beyoncé: albamu yake ya kantri ya mwaka 2024 ndiyo iliyompa tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka, Februari 2025.

Kuna kisa kingine kinachofaa kusimuliwa mezani, hasa katika familia za Bonde la Ufa. Santuri za Jimmie Rodgers zilifika hadi kwa Wakipsigis, zikachezwa kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipofika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, alikuta wasichana wakiimba kuhusu kiumbe aliyeitwa Chemirocha. Jina la Jimmie Rodgers lilikuwa limepita katika masikio ya Wakipsigis na kutoka likiwa jina lao wenyewe, na mwenye jina akawa nusu mtu, nusu swala. Wasichana wanaimba kwa sauti nyembamba za kupokezana, kinubi kikienda chini yao taratibu, na anayesikia hana shaka kwamba wanachekeana na kualikana kucheza. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, na zaidi ya miongo sita baadaye zikarudishwa Kapkatet kwa watu wa pale. Zinapatikana kwenye intaneti. Familia ipige kwanza wimbo mmoja wa Rodgers, kisha Chemirocha, watoto waulizwe wanasikia nini. Mazungumzo yatakayofuata hayatahitaji kuchochewa.

Sasa, namna ya kuanza.

Kosa la kwanza la wazazi wengi ni kutangaza. Baba anayesimama na kusema kwamba kuanzia leo kila Ijumaa familia itacheza ameshaua jambo. Litaonekana kama ratiba ya masomo ya ziada. Afadhali muziki uwekwe kimyakimya wakati kuna kazi ya mikono: kuchambua mchele, kupiga pasi sare za shule, kuosha vyombo. Wimbo wa kwanza wasikilize tu. Wa pili mtu mzima mmoja ayumbe kidogo pale pale kwenye sinki. Wa tatu mtoto mdogo ataingia mwenyewe, kwa sababu mtoto wa miaka minne haombwi mara mbili. Dakika kumi zinatosha, na inafaa kuacha watu wakiwa bado wanataka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa umri wa shule wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki. Dakika kumi za kucheza kwa nguvu zinaingia katika hesabu hiyo bila mtu kulipia ukumbi wa mazoezi.

Wimbo uchaguliwe kwa mwendo wake kabla ya jina la mwimbaji. Wimbo mzuri wa kuanzia ni ule ambao mtu anaweza kutembea haraka juu yake bila kuhema. "Achy Breaky Heart" ya Billy Ray Cyrus, iliyotoka mwaka 1992 na kueneza uchezaji wa mistari sehemu nyingi za dunia, ni mfano mzuri. Una faida nyingine pia: mwanafunzi wa gitaa anahitaji kujua mikao miwili tu ya vidole ili aupige mwanzo hadi mwisho. Nyimbo za polepole za Don Williams na Jim Reeves ziwekwe za mwishoni, wakati wa kupoa, au wakati wazazi wanataka kushikana mikono mbele ya watoto. Hilo la mwisho lisionewe haya. Mtoto aliyemwona baba yake akimzungusha mama yake taratibu kando ya meza amefundishwa jambo ambalo hotuba haifundishi.

Uchezaji wa mistari ndio unaofaa familia kuliko wa wawili wawili, kwa sababu hauhitaji mwenzi na hakuna anayebaki amekaa kwa kukosa wa kumshika. Hatua zenyewe ni hizi. Wote wanasimama wakiangalia ukuta mmoja. Mguu wa kulia unakwenda kulia. Wa kushoto unapita nyuma yake. Wa kulia unakwenda kulia tena. Wa kushoto unaletwa kando na kugusa sakafu bila kukanyaga, na makofi yanapigwa. Hesabu ni nne. Kisha hayo hayo kuelekea kushoto, nne nyingine. Halafu nyuma hatua tatu, kulia, kushoto, kulia, na wa kushoto unagusa. Mwisho mbele: kushoto, kulia, kushoto, na katika hatua hiyo ya tatu mwili unageuka robo kuelekea kushoto, wa kulia ukigusa. Hesabu imefika kumi na sita na watu wote wanaangalia ukuta mwingine. Yakirudiwa mara nne, wamerudi walikoanzia.

Hapo kwenye kugeuka ndipo kicheko kinapozaliwa. Daima kuna mmoja atakayegeuka upande usio wake na kujikuta uso kwa uso na shangazi yake. Asirekebishwe. Familia inayosahihishana kila hatua huishia na mchezaji mmoja hodari na watazamaji watano walionuna. Kazi ya kuhesabu kwa sauti apewe mtoto wa shule ya msingi. Ataifanya kwa ukali wa jeshi, na watu wazima watamtii.

Wanaosema hawawezi kujifunza kwa kutazama simu wakumbushwe mwaka 2020. Wimbo wa "Jerusalema" wa Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini ulisambaa duniani baada ya kundi la Fenómenos do Semba la Angola kujirekodi wakiucheza kwa mistari, sahani za chakula mkononi. Manesi, mapadri na askari waliiga hatua zile wodini, makanisani na barabarani. Si kantri, lakini mpango wa hatua na kugeuka ni wa ukoo mmoja, na familia iliyoucheza wakati ule tayari ina nusu ya ujuzi. Na kama hata hatua kumi na sita ni nyingi, ipo mugithi: watu wanapangana nyuma ya mmoja, mikono mabegani, wanazunguka meza kama wazungukavyo kwenye sherehe za Kenya ya Kati. Gitaa la mpigaji mmoja wa mugithi na gitaa la kantri yanasikilizana vizuri, ndiyo maana katika kumbi nyingi huchanganywa usiku mmoja.

Nafasi isiwe kisingizio. Katika chumba kimoja cha ploti, meza inasogezwa ukutani, hatua zinafupishwa hadi upana wa kigae kimoja, na kurudi nyuma kunageuzwa kuwa kupiga mguu pale pale. Ndara zivuliwe, kwa sababu ndizo zinazoteleza, na zulia lisilobana sakafuni likunjwe. Anayeishi ghorofani azingatie wa chini yake: kukanyaga kwa kisigino ndiko kunakoleta ugomvi na majirani, hivyo baada ya saa mbili usiku watu wacheze kwa vidole au watoke nje. Sauti ya spika iwe ile inayomruhusu mtu kuongea bila kupaza, hasa kukiwa na mtoto mchanga.

Umeme ukikatika, George Mukabi ameshaonyesha njia. Mpigaji huyo wa magharibi mwa Kenya, aliyefariki mwaka 1963, alipiga gitaa lake kwa mtindo wa omutibo huku chupa ya Fanta ikigongwa kando kushika mdundo. Chupa, kijiko na mtu mmoja anayejua kibwagizo vinatosha.

Wazee wanahitaji uangalifu, ila wasitengwe. Mwenye magoti mabovu acheze ameketi, kwa mabega na mikono, au asimame akishika mgongo wa kiti kizito. Kizunguzungu kikimjia, akae, na asigeuzwe haraka. Faida kwao inaonekana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2003 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliofuatilia watu 469 wa eneo la Bronx, New York, wote wenye zaidi ya miaka 75. Kati ya shughuli za mwili zilizoangaliwa, zikiwemo kutembea, kuogelea na kuendesha baiskeli, ni kucheza dansi peke yake kulikoambatana na hatari ndogo zaidi ya kupoteza akili uzeeni. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba huenda ugonjwa unaonyemelea ndio unaowafanya watu waache kucheza. Hata kwa tahadhari hiyo, hakuna sababu ya kumwacha babu kwenye kochi.

Kuhusu ukaribu, watafiti wa Oxford waliwachezesha wanafunzi 264 wa sekondari nchini Brazil na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Waliocheza hatua zile zile kwa pamoja walijisikia karibu zaidi na wenzao, na uwezo wao wa kuvumilia maumivu ulipanda, kuliko wale waliocheza kila mtu na lake. Anayeishi na kijana wa miaka kumi na tano asiyetoa neno wakati wa chakula anaweza kujaribu. Asimlazimishe kucheza, amkabidhi simu na kumpa uongozi wa nyimbo. Sharti liwe moja tu: kila nyimbo mbili zake, mmoja wa nyanya.

Maneno ya nyimbo ni jambo linalosahaulika sana. Kwa kuwa kantri inaimbwa kwa upole, wazazi huiona salama. "Coward of the County" ya Kenny Rogers, inayoimbwa na watoto wa shule wakiwa ndani ya gari, inasimulia mwanamke aliyeshambuliwa na ndugu watatu, na kisasi cha mpenzi wake. Si lazima ipigwe marufuku. Lakini mzazi aisikilize kwanza mwenyewe, aamue ni kwa umri gani, na awe tayari kuulizwa. Nyimbo za pombe na za kusaliti ndoa nazo ni nyingi, na baadhi zina midundo mizuri mno.

Upande wa pili, hizo hadithi ndizo utajiri wenyewe. "The Gambler" ya Kenny Rogers, ya mwaka 1978, ni mazungumzo ya watu wawili garimoshini, mmoja akiwa mcheza kamari mzee. Katika nyumba yenye kijana anayebeti kwa simu, wimbo huo unafungua mlango ambao karipio lingeufunga. Dolly Parton, mmoja wa watoto kumi na wawili wa familia maskini ya Tennessee, aliandika "Coat of Many Colors" kuhusu koti ambalo mama yake alimshonea kwa vipande vya vitambaa, na wenzake shuleni wakamcheka. Mtoto aliyewahi kuchekwa kwa viatu vyake ataelewa bila kufafanuliwa. Baba yake Dolly hakujua kusoma, na kwa ajili yake mwaka 1995 mwanamuziki huyo alianzisha mpango wa kuwapa watoto wadogo vitabu vya bure, ambao umeshatoa zaidi ya vitabu milioni 200. Mwanafunzi wa Kiingereza anaweza kuandika hadithi ya wimbo mmoja kwa Kiswahili chake, kisha kuisoma baada ya chakula. Ni zoezi bora kuliko mengi ya kwenye vitabu vya kazi.

Nyumba ambazo dansi haikubaliki kwa imani zisisukumwe. Jim Reeves alirekodi tenzi na nyimbo za ibada, na kuimba kwa pamoja kunaleta sehemu kubwa ya furaha inayozungumzwa hapa. Kila nyumba inajua mipaka yake.

Mavazi ndiyo ya kuhangaikia kidogo kabisa. Julai 2024, uwanja wa mbio za farasi wa Ngong ulijaa watu wa kofia pana, mikanda ya vifungo vikubwa na buti za ngozi waliokuja kuadhimisha siku ya makauboi. Inapendeza kutazama, lakini buti za kweli zinagharimu karo ya mtu, na kwenye sebule zinaumiza vidole vya watoto. Fedha hiyo ikinunua spika ndogo ya betri, au gitaa la mtumba litakalopita mikononi mwa watoto wote, imefanya kazi zaidi. Nyimbo zenyewe zipakuliwe mara moja pale penye waifai, ili bando lisigeuke sababu ya kuzima muziki katikati.

Kwa hiyo, msomaji, usingoje harusi ya binamu. Leo jioni, kabla vyombo havijaoshwa, muulize aliye mkubwa kuliko wote nyumbani ni wimbo gani wa redioni alioupenda akiwa kijana, utafuteni pamoja, kisha sogezeni meza.